Pangani haikuuawa na reli

Mwulize mtu wa Tanga kwa nini Pangani imebaki mji mdogo wenye nyumba za kale zinazobomoka, wakati zamani misafara ya bara ilikuwa ikimiminika pale, naye atakujibu kwa neno moja: reli. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893. Ikapita Muheza, Korogwe na Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mizigo ya Kilimanjaro na Umasai, iliyozoea kushuka Pangani mabegani mwa wapagazi, ikaingia kwenye mabehewa na kwenda zake Tanga. Mji ukabaki unautazama mto.

Si uongo. Lakini jibu hilo linaridhisha upesi mno. Linampa lawama mtu mmoja, tena mgeni, na linatuondolea kazi ya kuuliza mji ule ulikuwa umesimama juu ya nini kabla ya reli. Mimi naamini reli iliukuta mji ambao uchumi wake ulikuwa umekwisha kuvunjika kutoka ndani. Uchumi huo ulikuwa wa sukari, na namna ulivyojengwa ndiyo iliyouangusha. Nalisema hili sasa kwa sababu barabara ya lami inakuja, daraja la mita 525 linajengwa juu ya mto uleule, na maswali ya miaka ya 1870 yanarudi mlangoni.

Wageni wanaofika Pangani huoneshwa Boma, jengo la forodha, mtaa wa India wenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Huelezwa habari za pembe za ndovu na utumwa. Sukari mara nyingi hutajwa kwa kupitia, kama jambo la pembeni, ilhali ndiyo iliyowaleta matajiri wengi kandokando ya ule mto na ndiyo iliyowaweka watumwa wengi pale pale Mrima, yaani pwani ya bara, badala ya kuwavusha Unguja.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Pangani mwaka 1857 waliukuta mji wa misafara. Sukari ilishika kasi baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1860, Waarabu wenye asili ya Omani walipoanza kufyeka bonde la mto juu kidogo ya mji, eneo lililoitwa Mauya, na kupanda miwa. Ardhi ni tope zuri la mto, maji yapo mwaka mzima, na jahazi linaweza kupakia karibu na shamba. Mambo mawili yaliyotokea Unguja yakaongeza mbio. Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, na wenye fedha wakaanza kutafuta zao jingine na mahali pengine. Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa la Unguja. Vitabu vya shule husimulia tukio hilo kama mwanzo wa ukombozi. Kwa mateka waliokuwa tayari njiani kutoka bara, maana yake ilikuwa tofauti kabisa. Biashara haikukoma siku ile. Ilikwama ufukweni, na waliokwama wakauzwa Mrima hukohuko. Wenye mashamba ya miwa wakapata watu kwa urahisi kuliko wakati wowote.

Miwa si zao la kungoja. Karafuu ukishaianika inakaa. Nazi inakaa. Mtama unaingia ghalani. Muwa ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kuharibika, na baada ya siku mbili tatu unakamua maji ya uchachu. Kwa hiyo anayekata, anayebeba, anayelisha kinu, anayechochea moto na anayeengua povu lazima wote wawe kazini kwa wakati mmoja, na lazima waendane. Kinu chenyewe kilikuwa magogo yaliyosimamishwa yakisagana, yakizungushwa na mnyama aliyefungwa kwenye mti mrefu. Mtu mmoja anachomeka muwa, mwingine anaupokea upande wa pili na kuurudisha. Anayechomeka akisinzia, vidole vinakwenda na muwa. Maji yanashuka kwenye chombo, yanahamishiwa kwenye masufuria makubwa juu ya moto usiozimwa, yanachemka, yanaenguliwa, yanakorogwa mpaka yawe mazito. Hapo ndipo inapopatikana sukari guru, na kinachobaki ni asali ya miwa. Bidhaa hiyo ilipakiwa majahazini kwenda Unguja, na nyingine ikaendelea mpaka Uarabuni.

Soma tena hatua hizo na ujiulize ni nani angekubali kuzifanya mchana na usiku kwa hiari bila ujira. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Pwani ilikuwa na utumwa wa siku nyingi, na utumwa huo ulikuwa na desturi zake, kali lakini zinazojulikana. Mtumwa wa shamba alipewa ngwe yake ya kulima. Akiimaliza, muda uliobaki ulikuwa wake. Alikuwa na kipande chake cha ardhi cha kupanda muhogo na mtama. Alhamisi na Ijumaa kwa kawaida zilikuwa siku zake. Wengine walikwenda mjini kufanya kibarua na kumpelekea bwana sehemu ya malipo. Sitaki mtu anielewe vibaya: huo ulikuwa utumwa, mtu alinunuliwa na kuuzwa, na hakuna desturi inayoweza kuusafisha. Ninachosema ni kwamba watumwa wenyewe walizishika desturi hizo kama haki walizozipigania, na walijua mipaka ambayo bwana hakutakiwa kuivuka.

Shamba la miwa liliivuka mipaka yote. Kinu hakijui Alhamisi. Sufuria inayochemka haingoji mtu amalize kupalilia muhogo wake. Wenye mashamba wakataka watu wa kuamrishwa saa zote, na wakataka wazawa wa Mrima, waliokwisha kuwa Waislamu na kujiona watu wa mji, wafanyiwe kama mateka walioshuka jana kutoka bara. Jibu likaja mwaka uleule wa 1873: watumwa wa mashamba ya miwa ya upande wa Pangani wakaasi, wakatoroka kwa wingi, na watoro wakaanzisha makazi yao ambayo mabwana walishindwa kuyavunja. Kwa maoni yangu mwaka 1873 unastahili kukumbukwa Pangani kuliko mwaka mwingine wowote, na inaniuma kwamba hakuna hata kibao kinachoutaja.

Tangu hapo sukari ya Pangani ikawa na gharama isiyoandikwa kwenye daftari: gharama ya kuwalinda watu wasikimbie. Na daftari lenyewe lilikuwa bovu. Kufungua shamba la miwa kulihitaji fedha nyingi mwanzoni, za watumwa, wanyama, masufuria, chakula cha mwaka mzima kabla ya mavuno. Fedha hizo zilikopwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao wengi walikuwa na mizizi Unguja kwenye nyumba kubwa zilizokodi ushuru wa forodha kwa Sultani. Shamba likawekwa rehani. Mkopeshaji ndiye aliyekuwa pia mnunuzi wa sukari, na mara nyingi ndiye aliyemwuzia mkulima nguo na mchele. Bei ikishuka, deni linakua; deni likikua, mwenye shamba anawabana watumwa zaidi; wakibanwa wanatoroka; wakitoroka miwa inaoza shambani. Sioni haja ya kuwatukana Wahindi hao kama wanavyotukanwa kwenye simulizi nyingi. Walikuwa wakifanya biashara yao, na wengine nao walidaiwa Bombay. Jambo la kuangalia ni kwamba faida ya sukari ilikuwa ikiondoka Pangani kwa jahazi lilelile lililobeba sukari. Kilichobaki mjini kilikuwa nyumba za mawe na madeni.

Ukiuona mji kwa jicho hilo, matukio ya 1888 yanasomeka vizuri zaidi. Aprili mwaka ule Sultani Khalifa aliipa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru kwa miaka 50. Agosti, wakala wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akafika Pangani kupandisha bendera ya kampuni, akamdharau Liwali, mwakilishi wa Sultani mjini, na watu wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa wakati wa Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Mji ukalipuka. Watu walimfungia Zelewski ndani ya nyumba mpaka Jenerali Mathews wa Sultani akaja kumtoa.

Tumefundishwa kuuita mgogoro huo Vita vya Abushiri. Abushiri bin Salim alikuwa mwenye shamba la miwa kando ya mto Pangani na hasimu wa siku nyingi wa masultani wa Unguja. Ushujaa wake siupunguzi hata chembe. Lakini waliojaa barabarani siku za mwanzo walikuwa wapagazi, watu wa kawaida wa mji, watumwa na watoro, watu ambao kampuni ilitaka kuwatoza na ambao wenye mashamba walikuwa wakiwabana kwa miaka 20. Abushiri aliingia akawaongoza. Umoja huo ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza: mwenye shamba la miwa na mtoro wa shamba la miwa wamesimama upande mmoja wa boma, kila mmoja akiwa na ndoto yake ya Pangani itakayobaki baada ya Mjerumani kuondoka. Hermann von Wissmann, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliutwaa mji Julai 1889. Abushiri alikamatwa na kunyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Leo kata moja ya wilaya inaitwa Bushiri. Watoro hawana kata.

Baada ya vita, mashamba ya sukari hayakurudi yalivyokuwa. Wajerumani hawakuufuta utumwa kisheria. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na ni Waingereza waliokuja kuufuta kabisa mwaka 1922. Hata hivyo nguvu ya kumrudisha mtoro ilikuwa imekwisha kulegea, na mtu aliyekuwa akisukuma kinu akaweza kwenda kutafuta kibarua cha fedha taslimu kwingine. Wawekezaji wa Kijerumani walijaribu kujenga kiwanda cha mvuke cha sukari kando ya mto, wakitegemea miwa ya wenye mashamba wa zamani. Kikashindwa. Hapakuwa na watu wa kukata miwa kwa masharti yale, na bei ya dunia haikusaidia. Ulaya ilikuwa imejaa sukari ya viazisukari, na aliyeongoza kuiuza nje ni Ujerumani yenyewe. Serikali ya nchi hiyo ingepata faida gani kuihangaikia sukari guru ya Pangani?

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza Tanga, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliingiza miche ya mkonge iliyotoka Florida. Ilinusurika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa kusini wa mto Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi zote duniani. Kwa hiyo Pangani ilikuwa chimbuko la zao la pili la kuuza nje ndani ya miaka 40, na safari hii pia utajiri ukajengwa kwingine, kwenye bandari ya Tanga na kando ya reli.

Sasa ndipo reli inapoingia kwenye hadithi. Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga, na meli kubwa za mvuke haziwezi kuingia; Tanga ina ghuba yenye kina. Mhandisi yeyote angechagua Tanga. Lakini mji wenye mtaji wake, wenye wakulima waliomiliki mashamba na kubaki na faida, ungekuwa na sauti ya kudai tawi la reli, au gati, au angalau barabara. Pangani haikuwa na mtu wa kudai. Wenye mashamba walikuwa wamefilisika, wakopeshaji walihamia penye biashara, na waliofanya kazi hawakuwahi kuhesabiwa kuwa wenye mji.

Sukari yenyewe haikuondoka kwenye mto. Ilipanda juu. Mto Pangani una urefu wa kilomita kama 500, unaanzia Kilimanjaro na Meru, na huko Arusha Chini, kusini ya Moshi, ndiko kiliko kiwanda cha sukari cha TPC kilichoanzishwa na Wadenmark miaka ya 1930. Miwa yake humwagiliwa kwa maji ya bonde hilihili. Hapo hujaongeza mifereji ya mlimani, mashamba ya mpunga, mashamba ya maua, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Wote hao wanachota au kuzuia kabla mto haujafika baharini. Unapofika Pangani umechoka. Bahari inasukuma, mto hausukumi tena kama zamani, na maji ya chumvi yanapanda mtoni kwenda kwenye mashamba na minazi ya watu wa kandokando. Bonde lilelile ambalo tope lake lilivuta matajiri wa Kiomani sasa linaonja chumvi, huku utamu ukizalishwa mamia ya kilomita juu yake.

Hili si la kulaumu kiwanda fulani. TPC inaajiri maelfu ya watu na nchi inahitaji sukari yake. Ila maji hugawanywa kwa vibali, na vibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba maji ya matumizi ya nyumbani yanatangulia, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo wengine wafuate. Mlango wa mto ni mazingira. Mikoko, kamba na samaki wanaokulia kwenye maji ya mchanganyiko ni mazingira, na ni chakula pia. Kwenye karatasi mlango wa mto unatangulia kiwanda na mtambo. Mtoni unakuja wa mwisho.

Na sasa barabara. Njia ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa, na daraja litamaliza utumwa wa kungoja kivuko cha Bweni, mama mjamzito upande huu na hospitali upande ule. Nimefurahi kama kila mtu wa pwani. Lakini barabara hiyo inaiunganisha Pangani na Bagamoyo ambako sukari imekwisha kurudi pwani kwa nguvu, kwenye mashamba na kiwanda cha Makurunge. Ardhi ya kusini ya mto, kuelekea Kipumbwi na Mkwaja, itapanda thamani. Atakuja wa hoteli, atakuja wa mkonge, na sitashangaa akija wa miwa.

Majirani zetu wa Kwale, nchini Kenya, wana la kutufundisha. Ramisi ilikuwa mji wa sukari tangu enzi za mkoloni. Kiwanda kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 1980, mji mzima ulisimama nacho, kwa sababu shamba, nyumba, zahanati na mshahara vilikuwa vya kampuni moja. Na miwa iliporudi miaka mingi baadaye, kesi za ardhi zilirudi pamoja nayo.

Halmashauri ya Pangani haiwezi kuamua bei ya sukari duniani, na haina uwezo wa kuhamisha mabwawa. Iko kazi iliyo ndani ya uwezo wake, na ina saa chache za kuifanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya kimila ya shamba lake, mwanamke kwa mwanamume. Mwenye hati anaweza kumkodisha mwekezaji shamba, au kumwuzia miwa au nazi akiwa mkulima mwenye bei yake. Asiye na hati atakuwa kibarua kwenye ardhi ya babu yake. Halmashauri hiyohiyo inaweza kupeleka Moshi, kila msimu wa kiangazi, vipimo vya chumvi ya mto vilivyochukuliwa Pangani, ili bodi inapokaa kutoa kibali kipya cha maji huko juu, takwimu za huku chini ziwe mezani. Upimaji wa mashamba ya ng'ambo ya Bweni, hadi Mkwaja, uanze kabla magari hayajaanza kuvuka.